Mboga Niliyoiuza kwa Jina la Dawa

Bibi alisimama nje ya ua wangu, mkono mmoja umeshika tawi la mlonge, mwingine umebana pindo la kanga alimofunga noti tatu za elfu moja. Nilimwamkia, akaitikia, tukaulizana habari za nyumbani kama ilivyo ada. Kisha akaugeuzageuza ule mfuko wa unga wa mlonge niliompa, akausogeza karibu na macho, akashindwa kuyasoma maandishi yangu madogo na kunirudishia ili nimsomee. Nikamsomea. Aliposikia neno presha alinikatiza kwa upole.

“Mwanangu, nikiuanza unga huu, vile vidonge vya hospitali naviacha leo leo, au nimalize kwanza vilivyobaki?”

Nilikuwa na haraka, kwa sababu ndani kulikuwa na majani yaliyooshwa tangu asubuhi ambayo sikuwa nimeyatandaza, na majani ya mlonge yakirundikana yakiwa na maji huanza kuchacha kabla ya jua kutua.

“Malizia kwanza vilivyobaki, bibi,” nikamjibu.

Akashukuru, akafungua pindo, akanilipa, akaenda zake.

Jioni ile, nikipukuchua majani, nilijitetea moyoni kwamba sikumwambia aache dawa. Ni kweli, sikumwambia. Lakini bibi hakuniuliza kama aache au asiache. Hilo alikwisha kuliamua pale niliposoma neno presha, na alichotaka kwangu ni tarehe tu. Nami nikampa tarehe, kwa maneno manne, kama mtu mwenye mamlaka ya kuitoa.

Jambo hilo lilinikaa kooni kwa wiki tatu.

Nilichokibandika kwenye mfuko

Hakuna aliyenilazimisha kuandika nilichoandika. Miaka minne iliyopita, nilipoanza kukausha majani kwa ajili ya kuuza, niliweka karatasi yenye jina la mti na uzito tu, na mifuko ilikaa kwenye meza ya duka la jirani mpaka rangi ya kijani ikafifia. Ndipo nikafanya kama walivyofanya wengine. Nilichukua ujumbe uliokuwa ukizunguka kwenye simu, ule unaoorodhesha magonjwa kuanzia presha na kisukari hadi vidonda vya tumbo, maumivu ya viungo na nguvu za kiume, nikauchapa kwa herufi ndogo ili yote yaenee. Juu kabisa niliweka usemi kwamba mlonge hutibu magonjwa 300, usemi ambao hunasibishwa na tiba asilia ya India iitwayo Ayurveda, na ambao kila anayeuza unga huu ameubeba bila kuhesabu.

Mifuko ikaanza kuondoka.

Nimelitafakari sana jambo la bei. Fungu la majani mabichi, hapa kwetu Muheza, hakuna atakayelinunua kwa zaidi ya shilingi mia tano, na wengi watakuomba bure kwa sababu mlonge ni mti wa uani na hakuna aliyezoea kulipia kitu cha uani. Majani hayohayo yakikaushwa, yakitwangwa, yakatiwa kwenye mfuko na kuandikiwa jina la ugonjwa, bei hupanda mara sita. Kazi ya kukausha ni halisi, nami siionei haya. Ila nikiwa mkweli, sehemu kubwa ya ile tofauti haikulipwa kwa ajili ya kazi yangu. Ililipwa kwa ajili ya jina la ugonjwa, na jina hilo nililiandika mimi ambaye sijawahi kumpima mtu presha.

Simlaumu mnunuzi hata kidogo. Mtu anayemeza kidonge kila siku kwa miaka kumi, huku akijihisi mzima, ana haki ya kutamani kitu kingine. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 2011 hatuhitaji kusimuliwa habari za Kikombe cha Babu, ile dawa ya mchungaji mstaafu wa kijiji cha Samunge, Loliondo, iliyosemekana kuponya magonjwa sugu. Tunajua ni akina nani waliokwenda Samunge, na tunajua kwamba wengi wao walikuwa watu wenye akili timamu waliochoka. Uchovu ule haujaisha. Unga wangu uliukuta umekaa nyumbani kwa kila jirani ukisubiri mlango ufunguliwe.

Chungwa la Muheza

Katika maneno yote niliyoyabandika, lililonitia haya zaidi halihusu ugonjwa wowote. Ni lile linalosema kwamba mlonge una vitamini C mara saba ya chungwa.

Nimeliandika hili nikiwa Muheza, ambako msimu ukikolea machungwa hujazwa kwenye malori mpaka barabara nzima inanukia maganda, na ambako mtoto anayerudi shule hula matatu njiani bila kumwomba mtu. Kama kuna mahali ambapo mtu angepaswa kuuliza kabla ya kulipunguza chungwa thamani, ni hapa. Kwa hiyo katika zile wiki tatu, nilipokuwa nakwepa kupita karibu na nyumba ya bibi, nilitafuta hesabu hiyo ilikotoka.

Jedwali linalonukuliwa zaidi lilisambaa kutokana na kazi iliyofanyika Senegal mwishoni mwa miaka ya 1990, ambako Lowell Fuglie alihimiza matumizi ya majani ya mlonge kwa ajili ya watoto wenye utapiamlo. Katika jedwali hilo, gramu 100 za majani mabichi zina miligramu 220 za vitamini C, na gramu 100 za chungwa zina miligramu 30. Gawanya, utapata saba na kidogo. Tatizo la kwanza ni kwamba chungwa hilo ni maskini, kwani vipimo vingi huweka chungwa kwenye miligramu 50 hivi. Tatizo la pili ndilo lililoniketisha chini. Jedwali hilohilo lina safu ya unga mkavu, na katika safu hiyo vitamini C imeshuka hadi miligramu 17.

Kumi na saba.

Vitamini C haivumilii joto, hewa wala muda, na kukausha ni vyote vitatu kwa pamoja. Nimekuwa nikiuza kwa majirani, katika wilaya ya machungwa, mfuko unaodai kulishinda chungwa mara saba, ilhali kilichomo ndani hakilifikii. Na hata kama kingelifikia, hakuna binadamu anayekula gramu 100 za unga wa mlonge. Kijiko kimoja cha chakula, nilichokipima mwenyewe kwenye mizani ya duka la jirani, ni gramu 8.

Hata hivyo sikutaka kuhamia upande wa pili na kuudharau mti. Hesabu nyingine katika jedwali hilo ni nzuri: unga mkavu una takriban gramu 27 za protini kwa kila gramu 100, madini ya kalsiamu yanayofika miligramu 2,000, na chuma cha miligramu 28. Nikizishusha hesabu hizo kwenye kijiko cha gramu 8, napata gramu 2 za protini, yaani theluthi ya yai moja. Kalsiamu ya miligramu 160, ambayo ni zaidi ya iliyomo kwenye nusu kikombe cha maziwa. Na miligramu 2 za chuma, ambacho, kwa kuwa ni chuma cha mimea, mwili hukifyonza kwa shida kuliko kile cha nyama. Hicho ni kijiko cha chakula kizuri, nami ningempa mtoto wangu bila kusita. Ni mboga bora kuliko nyingi tulizonazo.

Ila ni mboga.

Mti wenyewe

Nilianza na vijiti. Nilikwenda kwa wakwe, ambako ua mzima ni milonge iliyopandwa kuwa nguzo za kufungia fito na ikaamua kuishi, nikakata matawi kumi na moja yenye unene wa kifundo cha mkono na urefu wa mita moja na nusu, nikayachimbia mashimo wakati wa vuli. Yote kumi na moja yalichipua. Nilijiona mkulima. Masika iliyofuata upepo wa usiku mmoja ulilaza saba chini, na asubuhi, nikiitazama mizizi iliyong’oka, nikaona imetawanyika juujuu kama vidole vya mkono uliowekwa mezani. Mti wa kijiti hukua haraka, lakini hauna mzizi mkuu wa kushuka chini.

Nikahamia kwenye mbegu. Mbegu ya mlonge ni kitu cha kutazamwa: punje ya duara, ya kahawia, yenye mabawa matatu meupe membamba kama karatasi ya sigara, iliyopangwa ndani ya ganda refu lenye pande tatu. Mbegu mpya huota ndani ya wiki moja au mbili. Zilizokaa zaidi ya mwaka nyingi hazitoki. Niliziweka kwenye viriba, kina cha kiungo kimoja cha kidole, na mche mmoja wa miezi mitatu niliung’oa kwa makusudi ili nione kilichomo chini. Nilikuta mzizi mnene, mweupe, umevimba kama kimuhogo kidogo, na nilipoukwaruza kwa ukucha ulitoa harufu kali inayopanda puani kama haradali. Mche huo umejiwekea akiba yake kabla hata ya kufika kiunoni. Ndiyo maana mlonge wa mbegu hustahimili kiangazi ambacho mahindi hayakitazami mara mbili.

Usichokistahimili ni maji yaliyosimama. Niliipanda sita kwenye sehemu ya chini ya kiwanja, penye udongo wa mfinyanzi ambako maji ya mvua hukusanyika, nikidhani naifanyia hisani. Majani yaligeuka manjano kutoka chini kwenda juu, kisha shina likalainika usawa wa ardhi mpaka ukiligusa linabonyea. Sita zote zilikufa ndani ya mwezi mmoja, katika kipindi ambacho ile iliyokuwa kwenye kichanga, karibu na njia, bila mbolea wala maji ya ndoo, ilikuwa inanipita kimo.

Kisha kuna habari ya panga la mjomba.

Milonge yangu ilipofikisha mwaka mmoja ilikuwa na urefu wa mita nne, nami nilikuwa nikiionyesha kwa wageni. Mjomba alikuja siku ya Jumapili, akaitazama, akauliza kama nina mpango wa kufuga nyani, na kabla sijamwelewa akachukua panga na kuikata yote usawa wa kifua. Mti wa mlonge ni mwepesi na laini, hauhitaji pigo la pili, kwa hiyo kazi yote ilimchukua muda wa kunywa chai. Utomvu ulianza kutoka mweupe kwenye vidonda, na kesho yake ulikuwa umegeuka mwekundu wa damu ya mzee. Siku mbili sikuzungumza naye. Wiki ya tatu kila kisiki kilikuwa na machipukizi sita au saba, laini, ya kijani kibichi, yaliyo kwenye kimo cha mkono wangu, na tangu hapo navuna kila baada ya wiki sita au saba bila ngazi. Mlonge usiopogolewa hukimbilia juu mpaka mita kumi, ukabaki na majani machache yanayopepea mahali asipofika mtu.

Nayo kazi ya kukausha ilinifunza kwa hasara. Mara ya kwanza niliyaanika juu ya bati, jua la mchana, na yakawa makavu ndani ya saa chache, yenye rangi ya nyasi za kuezekea na harufu yake. Mwanga wa jua huiharibu vitamini A, ile ambayo ndiyo sababu kubwa ya kuhangaika na majani haya. Sasa nayatandaza kwenye chandarua kilichokazwa kwenye fremu ya mbao, ndani ya chumba chenye madirisha mawili yanayopitisha upepo, siku tatu au nne, nikiyageuza asubuhi na jioni, mpaka yanavunjika kwa kelele yakiminywa kiganjani. Kilo moja ya majani mabichi yaliyopukuchuliwa hunipa unga usiofika robo kilo. Yaliyobaki yalikuwa maji.

Nasimulia haya yote kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayajua siku bibi aliponiuliza. Nilikuwa na ujuzi wa mti. Nikautumia kujibu swali la mwili wa mtu mwingine.

Alichoniambia tabibu

Katika wiki ya pili nilikwenda zahanati, si kwa kuumwa. Nilimsubiri tabibu mpaka foleni ilipoisha, nikamweleza kila kitu, pamoja na yale maneno manne. Hakunigombeza. Aliniuliza kama najua presha inauma wapi.

Nikasema sijui.

“Haiumi popote,” akasema. “Ndiyo shida yetu. Anayemeza dawa anajihisi mzima, anayeacha anajihisi mzima vilevile, na siku akipata kiharusi hakuna wa kuunganisha siku ile na siku aliyoacha.”

Aliniambia kwamba majani ya mlonge si hadithi tupu, na kwamba katika majaribio yaliyofanywa kwa watu yako yaliyoonyesha sukari kushuka kidogo baada ya kula. Ila majaribio hayo ni machache, washiriki wake ni wachache, matokeo yake hayalingani, na ya presha ni machache zaidi. Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: kwamba hata pale majani yanapofanya kazi, huo ndio wakati wa kuwa na hadhari, kwani mgonjwa wa kisukari anayemeza vidonge vyake na kula unga mwingi kwa pamoja anaweza kushukiwa sukari kupita kiasi. Kitu kikiwa na nguvu ya kutibu kina nguvu ya kudhuru, na kikiwa hakina nguvu ya kudhuru hakiwezi kuchukua nafasi ya kidonge. Sikuwa na jibu. Mfuko wangu ulikuwa unadai nguvu zote za dawa na usalama wote wa mchicha.

Nilimuuliza pia habari ya mizizi, kwa sababu nimewahi kuombwa mara mbili na wasichana wasiotaka kusema wanaitakia nini, nami nilikataa kwa hisia tu. Alitikisa kichwa. Mizizi na magome yana kemikali kali ambazo hazimo kwenye majani kwa kiasi hicho, na mwanamke mwenye mimba hapaswi kuyakaribia kabisa. Nilishukuru kwamba safari hizo mbili hisia ilinitangulia.

Maji ya masika

Kuna matumizi moja ya mlonge ambayo sijawahi kuyaandika kwenye mfuko, kwa kuwa hayauziki, nayo ndiyo yaliyonifundisha namna ya kuusema mti huu bila kuuongezea chumvi.

Mbegu zake husafisha maji ya tope. Wanawake wa Sudan waliochota maji ya Nile walikuwa na maarifa hayo kabla ya watafiti kuyaandika. Maji ya mto wakati wa masika huwa na rangi ya chai ya maziwa. Unamenya mbegu zilizokomaa, unazitwanga mpaka ziwe unga mweupe, unauchanganya na maji safi kidogo na kuuchuja kwa kitambaa, kisha unaumimina kwenye ndoo, mbegu moja au mbili kwa kila lita kulingana na tope. Unakoroga kwa kasi kwa dakika moja hivi, halafu polepole kwa dakika chache, halafu unaacha. Nilipofanya mara ya kwanza niliketi mbele ya ndoo. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha tope likaanza kushikana vipande vidogo kama maziwa yaliyokatika, vipande vikawa vizito, vikazama, na baada ya saa moja na nusu niliona chini ya ndoo ambako sikuwahi kukuona. Ni protini iliyomo kwenye mbegu, yenye chaji chanya, inayozivuta chembe za udongo zenye chaji hasi na kuzigandisha pamoja.

Maji yale yalikuwa maangavu, lakini hayakuwa salama. Vijidudu vingi huzama na tope, ila si vyote, na vilivyobaki huongezeka maji yakilazwa, kwa sababu mbegu zenyewe zimeacha chakula ndani yake. Lazima yachemshwe, na yatumike siku hiyohiyo.

Hilo nililikubali bila kinyongo. Sikuwahi kumwambia mtu asichemshe maji kwa sababu ametia mlonge. Nilijiuliza kwa nini basi kwa ndoo ya maji niliweza kusema ukweli wote pamoja na mpaka wake, na kwa bibi wa miaka sabini na ushei nikashindwa. Jibu nililolipata si zuri. Ndoo haikuwa imeshika noti tatu za elfu moja.

Sufuria za wenzetu

Mlonge ulio kwenye nyua zetu ni mgeni. Asili yake ni vilima vya chini ya milima ya Himalaya, kaskazini-magharibi mwa India. Lakini ukoo wake una aina 13, na nyingi kati ya hizo ni za Pembe ya Afrika na Kenya, kwa hiyo ndugu zake ni wenyeji kuliko sisi wengi. Mmoja wao, wenye shina nene lililofura na majani makubwa kuliko ya wetu, huota kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, pande za Ziwa Turkana. Wakonso wa Ethiopia huupanda katikati ya mashamba yao ya matuta ya mawe, yale yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011, na majani yake huchemshwa na kuliwa pamoja na madonge ya unga wa mtama. Ni chakula cha kila siku. Ufilipino majani hutiwa kwenye supu ya kuku, hasa kwa mama anayenyonyesha. India Kusini maganda mabichi hukatwa vipande na kupikwa kwenye mchuzi wa dengu, nawe unatafuna nyama ya ndani na kutema nyuzi. Na katika pwani yetu, ambako wengine huuita mzunze, wapo wanaouita mboga chungu kabisa, jina lisiloacha nafasi ya ubishi kuhusu chumba ambamo mti huu hufanyia kazi yake.

Kote huko mti huu hutumika pia kwa maradhi, na siwezi kudai kwamba hautumiki. Lakini sufuria ndiyo inayotangulia. Mtu anayekula kisahani cha majani haya mara tatu kwa wiki, mwaka hadi mwaka, anapata kitu ambacho kijiko cha unga kinachomezwa na maji kwa siku kumi na nne, kisha kikasahauliwa, hakiwezi kumpa.

Vidonge viwili

Siku ya ishirini na mbili nilikwenda kwa bibi. Nilikuwa nimebeba noti tatu za elfu moja na hotuba niliyoipanga njiani.

Alikuwa barazani akichambua mchunga. Nilimwamkia, nikaketi kwenye kigoda, na hotuba yote ikanitoka kichwani. Nikamuuliza tu kama vidonge vyake bado vipo. Akanyanyuka polepole, akaingia ndani, akarudi na kopo la plastiki. Vilikuwa viwili.

“Kesho kutwa namaliza,” akasema. “Kama ulivyoniambia.”

Nikamwambia kwamba nilikosea. Nikamwambia asiache, aende kliniki kuchukua vingine kabla hivyo viwili havijaisha, na kwamba unga ule si dawa ya presha na sikupaswa kuuandika hivyo. Maneno yalitoka vibaya, kwa kurudiarudia. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake imetulia juu ya mchunga.

“Kumbe uliniuzia mboga,” akasema.

“Ndiyo, bibi. Mboga.”

“Mlonge sisi twala tangu utotoni. Ningejua ni mboga ningekuja kuchuma.”

Nilimpa pesa zake akazikataa. Alinituma nyumbani nikalete majani mabichi, machanga, ya ncha tu, na niliporudi alikwisha kukuna nazi. Aliyapukuchua kwa kuvuta kila kikonyo kinyume kati ya vidole viwili, mara moja, majani yote yakabaki kiganjani. Alikaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, akatia tui la pili, akaliacha lichemke lenyewe, ndipo akatia majani; akayageuza mara mbili tatu, akamimina tui la kwanza na chumvi, na kabla sijamaliza kusema nilichotaka kusema akaepua. Akakamulia ndimu nusu. Nilikuwa nimesoma kwa wiki tatu kwamba vitamini A inahitaji mafuta ili ifyonzwe, kwamba chuma cha mimea hufyonzwa vizuri zaidi kikiwa pamoja na kitu kichachu, na kwamba moto mrefu huyaharibu majani. Nilikaa kimya, nikala. Tulikula kwa bada, yaani ugali wa muhogo, na ule uchungu wa majani ulikuja mwishoni tu, baada ya utamu wa nazi.

Mifuko yangu sasa ina maneno machache: majani makavu ya mlonge, mboga, tia kwenye uji au mchuzi, usiache dawa uliyoandikiwa. Nimeuza kumi na mmoja mwezi huu, ambapo zamani ningeuza arobaini. Muuza duka amenishauri nirudishe walau presha, nami nimemweleza kwa nini sitairudisha.

Bibi alikwenda kliniki kesho yake. Mjukuu wake alimsindikiza. Kuhusu pesa, alisema nimlipe majani. Elfu tatu ni mafungu sita, na mpaka leo nimekwisha kumpelekea manne.